Sidi Maati Skalli Aagwa Bila Mrithi

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kufundisha, ukiitoa ile aliyokaa gerezani, Sidi Maati Skalli anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1974. Sisi walimu wenzake wa chuo hiki cha Fes tumeagizwa tufurahi, na chai ya nanaa iko tayari. Tutajitahidi.

Enzi za Wafaransa hapa Moroko alikuwa kijana mwenye ulimi mkali. Walipopiga marufuku mikutano, aliwaongoza watu msikitini kusoma "Ya Latif", dua tunayoisoma janga linapotushukia. Polisi hawakujua wamkamate nani, maana mji mzima ulikuwa ukiomba. Mwisho wakamchukua yeye. Gerezani alimkuta mwalimu wake, Sheikh Sidi Allal, ambaye kabla ya kufa alimpa ijaza, yaani idhini ya kufundisha fikihi, elimu ya sheria za dini, iliyotoka kwa mwalimu hadi mwalimu kwa karne nyingi.

Uhuru ulipokuja akaingia bungeni, akapigania shule za vijijini mpaka zikajengwa. Uchaguzi uliofuata mpinzani wake aligawa sukari ya koni, ile ya bonge zima inayovunjwa kwa chai, yeye akagawa hotuba. Alianguka vibaya. Kesho yake akina mama wakampelekea sukari ileile nyumbani, kama wanavyopelekewa wafiwa.

"Usitukasirikie, Sidi," walimwambia. "Hotuba haiingii kwenye chai!"

Alicheka kuliko wote.

Ila vijana wa shule zile hawaji kwenye darasa lake la fikihi. Alibaki Jaafar, mtoto wa dada yake, naye amepata nafasi ya kusomea uchumi Ufaransa.

"Mjomba, ijaza hainipi kazi," alimwambia mbele yetu.

"Nenda, mwanangu. Hata mimi ningekwenda."

Haikuwa kweli, na sote tulijua. Inauma kuliandika hili katika karatasi ya sherehe.

Jana alitoa somo la mwisho. Desturi ni mwalimu kuyataja majina ya wote waliorithishana ijaza, kisha lake, kisha la yule anayemkabidhi. Aliyataja kwa sauti yake ya bungeni, akalitaja lake, akaishia hapo. Tukainamisha vichwa, maana hakuna kati yetu aliyesoma vya kutosha kutajwa. Akafunga kitabu, akauliza kama kuna swali.

Ahsante, Sidi Maati, kwa shule, kwa gereza, kwa uhuru. Mungu akujalie afya na mapumziko ya raha. Tulitamani kukuaga kwa kukuambia kwamba umeacha mtu. Hatuna wa kumtaja.