Ujumbe wa Ng'ombe wa Eunice

Githongo inalima kahawa, lakini benchi la nje ya duka la Karwirwa linakunywa chai, na hakuna anayeona ajabu. Asubuhi hiyo Adrian, fundi wa kompyuta wa ushirika wa maziwa, alikaa hapo kichwa kikimuuma. Kufikia saa sita alitakiwa kuchagua: maombi ya wakulima yakitoka ofisini, kompyuta iiite simu ya daktari wa mbegu, anayepandikiza ng'ombe mbegu za dume, moja kwa moja na kungoja ijibu, au iweke ujumbe kwenye foleni, simu ije kuuchukua yenyewe? Njia zote mbili zilikuwa kwenye majaribio. Kosa lake lilikuwa kuomba ushauri.

— Foleni, alisema Murungi, aliyeitwa Satelaiti kwa kujua habari kabla hazijatokea. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Ng'ombe ikitaka dume haipangi foleni, Mwalimu Kailemia akamkata. Ofisi iite, ingoje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Na network ikipotea? aliuliza Satelaiti.

— Ingoje tu. Hata wiki.

— Heri kila ng'ombe iwekewe chipu kwa sikio, iitishe daktari yenyewe, alisema Satelaiti.

— Na iwe na password yake, aliongeza Muthamia, daktari wa mbegu mwenyewe, akichovya mandazi. Mimi sichagui. Ujumbe ukinifikia, naenda.

Adrian alikuwa bado anacheka Eunice, mmoja wa wakulima wa ushirika, alipofika, gambuti zimejaa matope. Ng'ombe wake alikuwa amepitwa na siku ya kutaka dume mara mbili, na siku hii ikipita ni wiki tatu tena bila tumaini la ndama.

— Nimetuma ujumbe ofisi saa moja, nikarudia saa tatu. Naambiwa umefika. Umefika wapi?

Adrian alifungua kompyuta. Ule wa saa moja ulipita moja kwa moja: umepokelewa. Ule wa saa tatu ulipita kwenye foleni: umechukuliwa. Wote wakamgeukia Muthamia, aliyepapasa mfuko wa kushoto, kisha wa kulia.

— Simu iko kwa kinyozi, alisema polepole. Inachaji.

Muthamia aliacha mandazi nusu, akakimbilia pikipiki yake. Eunice hakumfuata mara moja.

— Adrian, kwa hizo njia zako mbili, ni gani inajua kama kuna mtu ameona?

Adrian aliisoma kompyuta tena: "umepokelewa", "umechukuliwa"; hakuna palipoandikwa "umeonwa".