Aliyeitetea Foleni ya Darajani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Singe, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, naomba utulivu niwasomee maisha ya dada yangu Scholastica Damasi, kama alivyotaka yeye mwenyewe yasomwe, bila kupambwa.

Marehemu alizaliwa Mutuka tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa kwanza wa mzee Damasi, akasoma hukohuko Mutuka hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1979, na kwa mdomo ule aliokuwa nao, jamani, walimu walidhani atakuja kuwa hakimu, lakini hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, akarudi shambani.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Anselimu, fundi seremala wa hapa Singe, wakajaliwa mtoto mmoja, Emiliana, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1987.

Mwaka 1998 Mama Emiliana alijenga kibanda cha kuchemshia mahindi pale darajani, ambapo magari mawili yalikuwa hayapishani, na kila gari lilipokwama kusubiri lenzake, kina mama walikimbilia madirishani na mabeseni yao, na beseni la dada ndilo lililomsomesha Emiliana hadi akawa muuguzi. Basi tarehe 17 Mei 2016 wahandisi walipokuja kwenye mkutano kutuambia daraja litapanuliwa na barabara zake zitawekewa lami, dada alisimama akasema foleni ndiyo shamba letu, anayeiondoa atuambie kwanza tutalima wapi, akapigiwa vigelegele mpaka mhandisi akakunja michoro yake, na mradi ukapelekwa kwingine.

Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2018 Anselimu alibanwa na pumu, dawa ya kuvuta ikagoma kumsaidia, dada akakodi gari kumpeleka hospitali, na pale darajani wakakuta malori mawili ya vitunguu yamekutana uso kwa uso, hakuna anayekubali kurudi nyuma, gari likasimama, na kina mama wenzake dada, wasiojua nani yumo ndani, wakaleta mahindi dirishani, dada akawa anawasukuma kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mumewe, na Anselimu akakata roho palepale. Hakuna aliyemlaumu, hata wakwe zake walimkumbatia, lakini yeye alijilaumu mpaka tukachoka kumtuliza, akisema vigelegele vile bado anavisikia, na kwamba amemuua mumewe kwa mdomo wake.

Beseni hakulishika tena. Alizunguka Bagara, Singe na Mutuka, mkutano baada ya mkutano, akiwasihi watu wakubali daraja lipanuliwe, rafiki yake Amna, muuza karanga, akamnunia mwaka mzima, lakini dada hakurudi nyuma, na mradi uliporudi mwaka 2022 kibanda chake ndicho kilichoondoka cha kwanza, mabati aliyang'oa mwenyewe. Daraja lilifunguliwa tarehe 11 Novemba 2023, magari yakapishana, watu wakashangilia, lakini dada alikataa kulikanyaga, akawa akienda mjini anazungukia njia ya mbali.

Januari 2025 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kila safari ya hospitali alituomba tuzunguke, nasi kwa kumwonea huruma tukazunguka. Tarehe 8 Agosti alipozidiwa, Emiliana hakumuuliza, alimwambia dereva apite darajani, wakavuka bila kusimama, na mama yake akauliza kama wameshafika ng'ambo, akaambiwa ndiyo, akalia sana, akasema kumbe ni haraka hivi, Anselimu angefika. Alifariki tarehe 10 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Singe waliolala nasi hapa msibani, na wafanyabiashara wenzake wa darajani, hasa Amna, ambaye tangu juzi anachemsha mahindi na kuwalisha waombolezaji.

Dada, kaburi lako liko pembeni ya Anselimu, umeshavuka, pumzika kwa amani.