Mkanda Usio na Kifuniko

Gogo letu la mkaratusi liko Ihanda, mkabala na mashine ya kukoboa kahawa ya Winston, na mwenye birika ni mimi. Ikifika saa nne asubuhi wote wameshakaa. Kuna Cleophace, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi. Kuna Anastazi, tunayemwita Redio kwa sababu Mungu alisahau kumwekea kitufe cha kuzimia. Kuna Winston mwenyewe, anayekunywa kahawa na watu wake kama vile hana cheo. Na mwisho wa gogo, wiki ya tatu sasa, anakaa mwanangu Yustus na kitambaa cheupe mkononi. Mkanda wa mashine ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Winston alimkimbiza hospitali kwa pikipiki yake, akarudi shati lote damu, na kesho yake akatuletea mbuzi na mkungu wa ndizi. Mbuzi tumeshamla. Fomu ya ajali ndiyo haijajazwa.

— Sheria iko wazi, alisema Wakili. Mtu akiumia kazini, mwajiri anatoa taarifa, Mfuko wa Fidia unalipa. Yustus hakatwi kitu. Anayechangia ni Winston.

— Na kidole kinapimwaje? aliuliza Redio.

— Kila kidole na thamani yake. Gumba ni ng'ombe mwenye mimba. Cha kati ni dume. Hicho kingine kinategemea kama mtu ana ndoa ya kanisani.

— Anayo, nilisema.

— Basi kimepanda.

— Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, alisema Redio. Watauliza pete iko wapi.

— Iko kwa mkewe. Ameifunga kwenye pindo la kanga, habanduki nayo. Wewe kunywa kahawa yako.

Winston alikuwa akizungusha kikombe bila kunywa.

— Mfuko nimejisajili, alisema. Fomu ninayo hapa kwenye koti. Lakini nikiiandika, wakaguzi watakuja. Watakuta mkanda uko wazi, watafunga mashine, na msimu ndio umepamba moto. Kahawa ya maganda ya watu wote hawa itakobolewa wapi?

— Mwacheni, alisema Yustus. Babu yangu na babu yake walikula mkago, undugu wa damu. Walichanjana tumboni, wakamezeshana buni yenye damu. Mtu wa mkago hashtakiwi.

— Nani kasema ashtakiwe? nilimuuliza. Na babu yako hakumeza ile buni kwa sababu ya njaa. Aliimeza ili kidonda cha mmoja kiwe cha wote wawili. Mimi hapa naona kidonda kimoja tu, na kiko mkononi mwako.

Winston aliangalia viatu vyake. Ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa inanguruma. Redio hawezi kuvumilia watu wakinyamaza, basi akaanza tena.

— Mimi nimesikia bila vidole vyenyewe hawalipi. Vinapelekwa wilayani Kayanga, kwenye barafu.

— Hilo kweli, alisema Wakili. Hakuna kesi bila kielelezo. Kwenye ile kesi yangu ngozi ya mbuzi ililetwa. Vidole viko wapi?

— Nimevizika, nilisema.

— Wapi?

— Chini ya mgomba uleule nilipozika kitovu chake.

— Itabidi vifukuliwe, Bibi.

— Wewe uguse mgomba wangu kwa jembe, halafu tuone ni vidole vya nani vitaenda Kayanga.

Walicheka. Winston naye alianza kucheka, kisha akaacha. Hakuwa anajua kwamba nilivizika. Yustus alijua, nilimkuta pale jioni moja amesimama. Sikumuuliza kitu.

— Tusidanganyane, alisema Redio. Ile mashine ina mdomo wake. Kila baada ya misimu kadhaa lazima ionje mtu. Na kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana ilichukua viwili.

— Hapo umesema, alisema Wakili. Hapo hata sheria haifiki.

Ndipo alipofika Benitha, mfanyabiashara kutoka Muleba, na magunia matupu begani. Alikuwa amekuja kusubiri kahawa yake ikobolewe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kaa unywe.

Hakukaa. Alisimama na kikombe, akiangalia ng'ambo, ndani ya mlango wa mashine.

— Yule mama mwenye kanga inayoning'inia, pale kwenye mkanda, ni nani?

— Mackrine, nilimwambia. Mke wa huyu aliyeliwa vidole na mkanda. Tangu Jumatatu anamshikia mumewe nafasi, isije ikachukuliwa.

Benitha aliuangalia mkono wa Yustus. Akauangalia tena mlango.

— Na ule mkanda, tangu siku ile, mmeshaufunika?

Wakili aliangalia ndani ya kikombe. Redio alikohoa. Wiki tatu tumekaa mkabala na ule mlango, tumepima vidole kwa ng'ombe, tumetaka kuvifukua, na swali hilo hakuna aliyekuwa nalo. Hata mimi sikuwa nalo.

Winston aliweka kikombe juu ya gogo, kikamwagika nusu, akavuka barabara bila kuangalia bodaboda. Mashine ikanyamaza. Hata Redio akanyamaza.

Mackrine akatoka, nywele zote makapi ya kahawa.

— Bosi kazima, alisema. Anasema haiwashwi mpaka mkanda upate kifuniko. Amekaa juu ya gunia na karatasi aliyoitoa kwenye koti, ananiuliza kama nina peni.

Benitha alitoa ya kwake kwenye mkoba, akavuka kuipeleka, na kahawa yake bado haijakobolewa.

— Kaa, nilimwambia Mackrine.

Alikaa pale alipokuwa amekaa Winston. Nilimmiminia. Yustus alianza kumtoa makapi kichwani kwa mkono wa kushoto, punje mojamoja, na ule wa kulia ukalala juu ya pindo la kanga lenye fundo. Wakili alifungua mdomo. Nilimwangalia, akaufunga.

— Bibi, alisema Redio taratibu, kahawa ipo?

— Imekwisha. Nendeni mkatafute bati.