Mpira wa Tadek Uliovuka Uzio

Benchi letu hapa Toledo liko mbele ya duka la kinyozi, chini ya dirisha la jiko langu, ndiyo maana habari za mtaa hunifikia mimi kabla ya wenyewe. Asubuhi ile Zygmunt wa kiwandani, tunayemwita Nyundo, alikuja na keki nzima. Jana yake mwanawe Tadek kacheza besiboli katika ligi kubwa kwa mara ya kwanza, huko Saint Louis, na redio yetu ikasema kaupiga mpira ukavuka uzio. Mtangazaji mwenyewe, Lester, sisi twamwita Kinywa, alikuwa kakaa papo hapo, anakunywa kahawa yangu kama dawa ya minyoo.

— Kata keki, Nyundo, inzi wasitutangulie.

— Haikatwi, Mama Klara. Tadek yuko njiani. Kaleta telegramu: nakuja nyumbani. Si kapewa likizo ya ushindi!

Kinyozi, Wembe, akaguna.

— Likizo! Shemeji yangu alikuwepo uwanjani. Mwanao kakosa mpira mara tatu, katolewa.

— Shemeji yako haoni.

— Shemeji yangu dereva wa treni!

— Basi Mungu awasaidie abiria. Mpira ulikwenda mbali mno, hakuuona ukianguka. Pengine bado unaruka!

— Ee Yesu! Kinywa, huo mpira uliuona?

— Niliutangaza.

— Nimekuuliza uliuona?

Nikashindwa kujizuia.

— Angeuonea wapi? Alikuwa ghorofani hapo juu ya duka la misumari, anasomewa habari za mchezo zinazokuja kwa waya wa telegramu, anagonga kijiti mezani tudhani ni gongo linapiga mpira.

— Waya ulikatika, Mama Klara! Kijana kasimama na gongo, mimi sina habari. Nikampigisha mpira wa pembeni, usiohesabiwa, na mwingine, na mwingine…

— Ungenyamaza!

— Ninyamaze? Miaka yote ile jukwaani, naimba huku nimesimamisha kiti kidevuni, ukinyamaza tu unatupiwa mayai.

— Mbona kwenye filamu bubu ulinyamaza vizuri? Kila filamu unapigwa risasi sijakaa hata kitini.

— Ndiyo maana nilirudi kwenye kusema! Nikaona mtoto wa watu nimpe mwisho mzuri, nikauvusha mpira uzio.

— Na waya uliporudi?

Kinywa akachungulia kikombe.

— Mabao nikayapatanisha na yale ya kweli, kidogo kidogo.

— Huo waya ndio mwongo! — Nyundo akafoka. — Gongo nimelisikia kwa masikio yangu: ta!

— Kijiti, wewe! Kijiti!

Hapo Tadek akatokea pembeni, begi begani, macho mekundu. Akaitazama keki, akatutazama sisi.

— Baba, mnasherehekea nini?

Wembe akafuta kiwembe kisicho na uchafu. Sote tukamgeukia Kinywa. Akafungua mdomo, na tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza hakikutoka kitu. Kilichosikika ni kisu cha keki tu mkononi mwa Nyundo, kikigonga sahani: ta, ta, ta.