Risala ya Watu wa Alhamisi Kuhusu Chumba cha Chini

Iliyosomwa na katibu, Nthenya Mativo, katika Ukumbi wa Jamii wa Mwangaza, Makadara

Mgeni rasmi, Bi. Mourine Khavere, msimamizi wa kumbi za jamii za upande wetu huu wa jiji. Mwenyekiti wetu, Bwana Kyalo Ndete. Wagonjwa wetu, ambao leo mmekalia viti vya mbele kwa haki yenu. Jamaa, majirani, mabibi na mabwana, hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona ndani ya chumba hiki. Sisi ni wataalamu wa tiba ya viungo thelathini na mmoja, tunaofanya kazi katika kliniki ndogondogo kuanzia Huruma hadi hapa Makadara. Kazi yetu ni kumrudishia mtu mwendo: aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika nyonga, aliyeumia mgongo kwa kubeba magunia. Mitaani tunaitwa majina mengi. Wengine hutuita madaktari wa mifupa, wengine watu wa masaji, na kuna mama mmoja wa Huruma anayetuita "wale wa kuumiza". Tumeyapokea yote. Sisi wenyewe hujiita Watu wa Alhamisi, na sababu utaisikia muda si mrefu.

Umeingia kwa mlango mpana usio na kizingiti wala kipandio. Huenda hukuuona, maana mwenye miguu mizima hana haja ya kutazama mlango. Sisi tuliuona siku ya kwanza, na ndio uliotuleta hapa.

TULIKOTOKA

Miaka saba iliyopita kila mmoja wetu alikuwa peke yake. Ukitoka chuoni ulipewa kitanda, pazia na kiti cha mgonjwa, basi. Hukuwa na mkubwa wa kumwuliza wala kitabu cha kufungua. Mgonjwa akija na jambo ambalo hujawahi kuliona, unamwambia arudi wiki ijayo, kisha unamwomba Mungu asirudi. Tunalisema hili bila haya kwa sababu tumeshaliandika.

Ndipo Bwana Kyalo alipowaita wenzake wanne kwenye chumba hiki, Alhamisi moja mchana. Kilikuwa na viti vilivyovunjika na panya mmoja mwenye heshima zake. Walidhani wameitwa kuanzisha chama cha kuchangiana. Kyalo akaweka daftari mezani, akafungua ukurasa wa kwanza, akawasomea kosa lake.

Alikuwa akimtibu Mama Muthoki, muuza mboga, aliyepatwa na kiharusi. Kwa miezi mitatu Kyalo alimshika kiwiko, akamtembeza kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, na jamaa walipiga makofi. Kisha Kyalo akaenda Machakos kwa mazishi, akakaa wiki nzima. Aliporudi alimkuta Mama Muthoki amekaa pale pale alipomwacha. Akamwuliza mbona hakufanya mazoezi. Mama akamjibu kwa upole, "Ningetembeaje, daktari? Miguu yangu ilikuwa imeenda Machakos."

Kyalo aliandika sentensi moja chini ya kisa hicho: "Nilimshika mpaka nikamzuia." Hilo ndilo Kosa la Kwanza, na ndilo lililozaa desturi yetu. Mgonjwa anapotembea, sisi husimama hatua moja karibu naye, macho kwenye goti lake, na mikono tumeifunga nyuma ya mgongo. Itatoka akianguka kweli. Kabla ya hapo, inakaa nyuma. Mgeni rasmi, watu hudhani kazi yetu ngumu ni kushika. Kazi ngumu ni kutoshika.

Tangu siku hiyo tunakutana hapa kila Alhamisi saa nane mchana. Haruhusiwi mtu kuja kusimulia alivyofaulu. Anayetaka kujisifu angoje risala. Kila mmoja huleta lililomshinda. Jina la mgonjwa haliandikwi, jina la aliyekosea huandikwa kwa wino. Mficha uchi hazai, na sisi tumezaa makosa mia mbili na kumi na mbili, yote yamo katika daftari hilo mbele yako. Hakuna kitabu tunachojivunia zaidi.

TULIYOYAFANYA

Kwa kuwa leo ni siku ya risala, tuvumilie tujisifu kidogo.

Karatasi za mazoezi tulizokuwa tukiwapa wagonjwa zamani zilitoka ng'ambo. Zilikuwa na picha ya mtu mwenye kochi refu, bwawa la kuogelea, na ngazi zenye vishikio pande zote mbili. Mama Muthoki aliitazama moja, akauliza, "Na huyu anaishi wapi, nihamie?" Tuliona aibu. Tukakaa Alhamisi kumi na nne tukachora zetu. Katika karatasi zetu mgonjwa hunyoosha mkono kwa kuanika nguo kwenye kamba. Huimarisha paja kwa kuinuka kutoka kwenye kigoda cha kufulia. Hujifunza kuinua mzigo kwa mtungi wa maji, ukiwa robo kwanza, kisha nusu. Na ngazi zetu hazina kishikio. Mgonjwa huegemeza kiganja ukutani, mguu mzima ukitangulia kupanda na ule mgonjwa ukitangulia kushuka. Ziko kwa Kiswahili, Kikamba na Kiluhya, na mwenzetu Lusweti amezitia Sheng kwa ajili ya vijana wa bodaboda, ambao hutuletea magoti yao kwa wingi.

Bwana Musau, mchonga vinyago, ametuchongea goti la mbao linalokunjika, ili mgonjwa aone kinachomuuma badala ya kuogopa asichokijua. Ametutengenezea pia ngazi ya mazoezi. Alikwenda Huruma na futi yake, akapima vipandio vya majumba matano, akagundua havilingani hata katika jumba moja. Basi ngazi yetu nayo haikulingana, kwa makusudi. Mgeni mmoja alimwambia fundi amekosea vipimo. Musau alimjibu, "Nimevitoa Huruma hivyo hivyo."

Kule Kariokor, Tobias, fundi wa viatu vya matairi, hutushonea mkanda wa ngozi na mpira unaoinua vidole vya mguu unaoburutwa baada ya kiharusi. Alianza kwa kutucheka, akatwambia yeye hushona viatu, hashoni miguu. Leo ndiye anayetusahihisha vipimo.

Lakini fahari yetu kubwa ni kwamba hakuna tena mgeni wa kazi anayebaki peke yake. Kila anayetoka chuoni hupewa mkubwa mmoja wa kumfuata miezi sita, na amri moja: mpigie mwenzako kabla hujabahatisha. Mwaka jana Lusweti alikuwa na wiki tatu kazini alipofikiwa na bibi mmoja aliyetaka kukandwa mguu. Akampigia mkubwa wake, ambaye ni mimi ninayesoma.

"Sister, kuna mathe hapa, mguu moja imefura na iko moto. Anasema nimkande tu aende."

"Umeshagusa?"

"Bado. Nimekumbuka ile kosa ya thelathini na nane."

"Basi usiguse. Mpeleke hospitali sasa hivi, na uende naye."

Kosa la Thelathini na Nane liliandikwa na mwenzetu aliyewahi kuukanda mguu wa namna hiyo, na mgonjwa wake akakaribia kufa, kwa sababu ndani ya mshipa mlikuwa na damu iliyoganda. Safari hii, hospitali walikuta damu imeganda vile vile, wakaitibu kwa wakati. Bibi huyo yuko safu ya pili, amevaa kitambaa cha kijani, na ameniomba niwajulishe kwamba bado anadai kukandwa.

LINALOTUKWAZA

Mgeni rasmi, hatukukualika ili tukulaumu. Katika chama chetu mtu huanza na kosa lake, nasi tutaanza na letu.

Miezi miwili iliyopita mkaguzi alikuja kutazama vyumba vya ukumbi huu. Alikuja Jumanne. Akakuta mlango huu umefungwa, akabisha, akaandika: "Chumba hakitumiki." Hakusema uongo, aliandika alichokiona. Ila Jumanne sisi tuko ngazini. Ndiyo siku tunayopanda majumba ya Huruma kuwafuata wasioweza kushuka. Siku nyingine zote wagonjwa hufanyia mazoezi humu, na chumba hiki hakipati hata nafasi ya kufagiliwa vizuri. Kufunga mlango bila kuandika tulikokwenda ni uzembe wetu, na tumeuandika. Ndio Kosa la Mia Mbili na Kumi na Mbili, na limetiwa sahihi na wote thelathini na mmoja.

Kisha ikaja barua. Inasema kuanzia mwisho wa mwezi huu chumba hiki kitakuwa ghala la viti na mahema, na sisi tumetengewa chumba kingine, kikubwa zaidi, chenye madirisha mapya. Tunashukuru kwa nia hiyo njema. Chumba hicho kiko ghorofa ya pili.

Tulicheka kwanza, mgeni rasmi, lazima tukiri. Halafu kicheko kikaisha, maana tulikumbuka jinsi Mzee Patrobas Mulongo alivyofika hapa.

Mzee Patrobas alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na sita. Kiharusi kilimlaza upande mzima wa kulia. Anaishi ghorofa ya nne huko Huruma, na kwa miezi mitano hakuona barabara ila kwa dirisha. Siku aliyoletwa kwetu, wanaume wawili walimbeba juu ya kiti cha plastiki. Walipofika mlangoni pale, aliwaambia, "Niwekeni chini. Hapa hakuna ngazi, nitaingia mwenyewe." Hatua nne zilimchukua robo saa. Mimi ninayesoma ndiye niliyekuwa nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni. Alipofika kwenye vyuma vya kushikilia alilia, na sisi tulilia, na Kyalo akajidai anatafuta kalamu.

Leo Mzee Patrobas hushuka ghorofa nne na kuzipanda, kwa saa yake mwenyewe. Lakini aliyejifunza ngazi alianzia penye sakafu sawa. Mtu asiyeweza kupanda hawezi kupanda ili akafunzwe kupanda. Hatujui namna nyingine ya kulisema.

Na vyuma hivyo viwili unavyoviona, vilivyochomelewa kwa mabomba ya maji, miguu yake imezikwa kwenye saruji ya sakafu hii. Vikikatwa, tutachomelea vingine. Tunachohofia ni watu arobaini na sita walio katika mazoezi sasa, ambao wakiambiwa wapande watakaa nyumbani, kama Mama Muthoki alivyokaa wiki ile. Safari hii hakuna atakayerudi kutoka Machakos.

OMBI

Tulipoandika risala hii wenzetu walipendekeza maombi tisa. Tumeyafuta manane. Tunaomba tuachiwe chumba cha chini. Viti na mahema vina bahati kuliko wagonjwa wetu. Vinaweza kubebwa hadi ghorofa ya pili bila kuona haya.

Tunakualika pia uje Jumanne yoyote tupande pamoja. Viatu vya chini tu, na ukichoka tutakungoja.

KUFUNGA

Mgeni rasmi, desturi ni kwamba msomaji akimaliza humkabidhi mgeni risala kwa mkono wake. Nilijiandaa hivyo. Lakini wiki sita zilizopita Mzee Patrobas alinijia akasema, "Nthenya, wewe soma. Kupeleka niachie mimi." Kutoka alipokaa hadi mezani pako ni hatua kumi na moja. Amezifanyia mazoezi kila siku isipokuwa Jumanne.

Kwa hiyo tuna jambo dogo la kukusihi. Atakapoinuka, usiinuke kumlaki. Usimnyooshee mkono kabla hajafika. Anaweza kusimama katikati. Huko si kushindwa, anapumzika. Utaona muda ni mrefu. Ukiona mkono wako unataka kumsaidia, na tunajua utataka kwa sababu una moyo, uufunge nyuma pamoja na yetu.

Mungu aibariki miguu yako na njia zako, akurudishe kwako salama, na akupe uzee wenye mlango mpana usio na kizingiti. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Chama cha Alhamisi cha Wataalamu wa Tiba ya Viungo, Eastlands.

Imesomwa na Nthenya Mativo, katibu.

Inaletwa kwa miguu yake mwenyewe na Patrobas Mulongo.