Mashini Ndogo Aliyoichagua Baba Kalaba

Kwanza naomba radhi. Biro ya Kasenga, ofisi kuu ya kampuni yetu, iliniomba maneno haya tangu mwezi wa tano, ili yasomwe siku ya sherehe ya kumuaga Baba Kalaba. Sasa sherehe imekwisha, na viti tulivyoazima misioni vimerudi. Mutoto wangu Mwaka aliota meno, surua ikafuata, na kila nilipokamata kalamu yeye alikamata karatasi. Sina sababu ingine. Kama kuna makosa humu, muyasahihishe bila kunicheka.

Baba Davison Kalaba, mung'arishaji mukubwa wa karakana yetu ya Nchelenge, alistaafu Jumamosi tarehe 29 Juni 1957, baada ya kutumika miaka ishirini na moja. Alizaliwa Puta. Alipoanza hapa mwaka 1936 kampuni ilikuwa na makamyo mawili ya kubeba samaki na mashua moja, na kazi yake ilikuwa kupaka mashua rangi. Halafu wanunuzi wa samaki wakaanza kuja na motokari zao wenyewe. Vumbi la barabara, jua la ziwa na maji ya barafu yenye chumvi ya samaki vilizifanya motokari nyeusi zote kuwa kijivu. Baba Kalaba akachukua kitambaa, akajifunza peke yake.

Kwa ninyi ambao hamumujui: ni mutu mufupi, mupole, lakini shati lake la kazi halina kifungo hata kimoja. Alivikata vyote akaweka kamba, maana kifungo kikigusa rangi kinaacha alama. Mukanda nao aliufungia nyuma. Mukewe, Mama Mable, anasema Jumapili moja mumewe alifika kanisani na shati la kamba, akasimama kuimba mbele ya watu wote, na hakutambua alivyovaa hadi wimbo wa tatu.

Hasira yake tuliiona mara moja tu. Wamama wa sokoni walikuta motokari nyeusi imesimama juani, bati lake lina moto muzuri, wakaanika chisense juu yake, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, vimejaa toka kioo hadi taa. Baba Kalaba alitoka mbio.

"Mama, hii ni motokari, hapana mukeka!"

"Baba, acha vikauke kidogo tu, tutakuachia vya mboga!"

Alikubali vya mboga, akawafukuza, akasugua siku mbili kuondoa magamba.

Kwa miaka ishirini alisugua kwa mukono. Mimi na mwenzangu Olipa tulikuja kumusaidia, tukafundishwa kuanza juu na kushuka chini, na kumaliza na unga wa muhogo kidogo, ambao unakamata mafuta ya polishi na kuacha rangi kavu, inayometa. Lakini mwaka jana bega lake la kuume lilikataa. Alishindwa hata kuchana nywele zake. Bwana mukubwa wa karakana akasema atanunua mashini ya umeme ya kung'arisha, na akasema pia, sisi tukisikia, kwamba mashini moja inataka mwanaume mumoja, basi wale wanamuke wawili watarudi nyumbani. Olipa ni mujane. Mimi, mutoto wangu Mwaka alikuwa na miezi mitano, na bwana yangu, muvuvi, alikuwa amepoteza nyavu zake zote. Ile kazi ndiyo ilikuwa chakula chetu.

Mwezi wa nane muuza mashini alifika toka Elizabethville, amevaa koti jeupe, na mashini mbili. Moja kubwa, nzito, inazunguka kwa haraka sana. Ya pili ndogo, ya polepole, ina mushikio pembeni. Bwana mukubwa alipenda ile kubwa kabla haijatoka kwenye sanduku. Lakini alimwachia Baba Kalaba kuzijaribu, juu ya motokari moja nyeusi iliyokufa nyuma ya karakana.

Ile kubwa ilimuvuta Baba Kalaba kama mbwa anayemuvuta bwana wake. Ilipofika kwenye ukingo wa bati, pale ambapo rangi ni nyembamba, ilikaa kitambo kidogo tu, na rangi ikaungua hadi chuma kikaonekana. Muuza mashini akasema hakuna shida, inataka tu kijana mwenye nguvu.

Baba Kalaba akanigeukia. "Mama Mwaka, kuja. Kamata hii ndogo."

Nilikuwa na mutoto mugongoni. Alimufungua yeye mwenyewe, akamuweka mikononi mwa muuza mashini. "Bwana, shika mutoto. Mama iko na kazi."

Nikamwaga unga wa muhogo juu ya bati kama siku zote, nikawasha. Mashini haikunivuta. Nilipopangusa, rangi ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara, duara juu ya duara. Muuza mashini akacheka hadi mutoto akashituka.

"Voilà! Banamuke banajua kupika bukari, hapana mashini."

Bwana mukubwa akatazama saa yake. Nilitaka kuchukua mutoto wangu na kwenda.

Baba Kalaba alisogea kwenye unga uliobaki. Alichota unga kwa vidole viwili, akautia mudomoni, akatafuna. Sisi wote tulisikia: kra, kra.

"Mama Mwaka, huu muhogo ulianikwa wapi?"

"Pwani ya ziwa, Baba. Kashikishi. Mukeka ulikuwa mumoja, na upepo ulipiga."

Mutu yeyote wa hapa anajua bukari, ugali wetu wa muhogo, yenye muchanga. Tunaitema, tunamucheka mupishi, basi. Tulipokuwa tukisugua kwa mukono, kidole kilisikia chembe, nasi tukaipangusa mapema. Mashini haina kidole. Sikuwaza hivyo hata siku moja, na kosa lilikuwa langu.

Hapo akachukua ile kubwa, akamwaga unga uleule upande wa pili wa bati, akawasha. Duara zilitoka kubwa na zenye kina zaidi. Akamwonyesha bwana mukubwa. Kisha tukaosha mulango mumoja, tukabadilisha kofia ya ngozi ya kondoo, ile ya mashini inayosugua bati, tukatia polishi tu bila unga, na mimi nikaanza tena na ile ndogo. Nilipomaliza niliona uso wangu mulangoni, na nyuma yangu muuza mashini amebeba Mwaka, koti lake jeupe limelowa kwa mbele.

"Inakwenda polepole," akasema bwana mukubwa.

"Ile ingine itakwenda haraka, bwana, halafu utanunua rangi," akajibu Baba Kalaba. "Mimi mwaka kesho niko Puta. Tafazali, usinunue mashini ya bega yangu. Nunua ya hawa."

Bwana mukubwa aliizunguka ile motokari mara mbili, akaugusa mulango kwa kiganja. Akanunua ile ndogo. Akasema tubaki, mimi na Olipa.

Tangu siku ile tumeng'arisha motokari arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyoungua. Unga tunauchekecha kwa kitambaa, tunautia kwanza kwenye meno, na tunautumia kwa mukono tu, mwishoni. Hiyo ni sheria ya Baba Kalaba, na mimi sitaibadilisha.

Baba, umetutunza. Ulitufundisha bila kutupigia kelele, hata siku nilipostahili. Tunakuombea maisha matulivu huko Puta, bega lipate nafuu, bustani izae, na Mama Mable akushonee vifungo sasa, maana huna tena rangi ya kuogopa. Asante sana kwa miaka yote.

Na ninyi wa biro: siku ya mwisho Baba Kalaba aliniuliza kama karatasi yetu ya kazi imefika. Nikasema bado. Akasema atakuja na baiskeli kila mwisho wa mwezi kuuliza tena, na ninyi munajua njia ya Puta ilivyo kwa muzee. Kwa hiyo naandika wazi vitu ambavyo bado tunangojea:

Kofia za ngozi ya kondoo, tatu, za mashini ndogo.
Makaa ya moteri yake, yale madogo yanayopitisha umeme ndani, jozi moja. Haya yaliyomo yamekwisha nusu.
Polishi, mikebe miwili.
Na karatasi ya kazi yenye muhuri, yenye majina haya: Eneless Kasonde, ndiye mimi, na Olipa Chanda. Tulipewa neno la mudomo tu, na bwana mukubwa anakwenda likizo mwezi wa tisa. Tafazali ifike kabla yake.