Zawadi ya Kutembea Juu ya Miti

Basi dogo lilikuwa likitupandisha mlimani, kwenye msitu wenye daraja la kamba linalopita juu ya miti, na kiongozi wetu alishasifia hewa safi mara tatu. Nyuma yangu mama mmoja mshonaji alimwambia fundi wa kuchomelea aliyekaa naye, "Safari hii kanilipia mke wa mwanangu. Miaka sita hajanitoa hata hadi sokoni."

"Basi leo amekukumbuka, mama. Shukuru."

"Kaniamsha kwa chai, kanipigia gauni pasi. Mwanangu haniangalii usoni. Na mlangoni nimekuta maboksi manne matupu."

Nikaacha kujifanya natazama miti.

"Labda wanataka kukipaka rangi chumba chako," fundi akasema.

"Chumba changu ndicho chenye dirisha la barabarani. Wateja wangu hupiga hodi hapo. Na yeye anataka kufungua saluni."

"Usimshuku mtu kwa wema wake, mama yangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Na nguo mimi nazijua."

Basi likasimama getini. Kiongozi akatuita tushuke tukavae kofia ngumu. Mama hakuinuka, alimuuliza dereva anarudi mjini saa ngapi.

"Sasa hivi, naenda kujaza mafuta."

Mama akafunga mkanda. Fundi, mguu mmoja ukiwa chini tayari, akageuka. "Na kama ni zawadi kweli?"

"Basi nitawaomba radhi, nikiwa chumbani kwangu."